Uzito wa Msaidizi wa Maabara

Siku ya kuhesabu watumishi wa zahanati, makarani walipelekwa vijijini kote asubuhi moja, ili mtu asihesabiwe mara mbili kwa kuhama kituo. Utaratibu huo aliubuni Leodgar, afisa takwimu wa afya mjini Kigoma, na aliuamini. Makarani waliporudi, watatu walikuwa wameandika jina moja: Veneranda, msaidizi wa maabara, Rusenyi, Kabogwe na Nyamsovu, vijiji vipya vya ujamaa vya mwambao wa kaskazini. Leodgar akapanda boti kwenda kuhakiki.

Rusenyi alimkuta Veneranda ameinamia hadubini, akitafuta malaria katika damu ya mtoto. Kabogwe alimkuta anamtoboa mvuvi kidole. Nyamsovu alikuwa anaosha vioo vya kupimia. Kovu la shavuni lilikuwa lile lile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ndugu afisa. Ungeniuliza kule Rusenyi usingepoteza mafuta."

Alimweleza. Watu walipohamishwa, vijiji vilikuwa vitatu na yeye mmoja. Barua yake ya kupangiwa kituo ilitaja vyote. Asubuhi ya kuripoti akatoka nyumbani, akaripoti kote kwa wakati mmoja.

"Sisi hatulalamiki," alisema Mzee Gervasi, aliyekuwa anangoja majibu ya choo. "Ila upepo ukitoka ziwani tunamfunga kwa kanga mlangoni. Juzi tulimshusha kutoka juu ya paa, na majibu yangu mkononi."

Veneranda akajining'iniza kwenye mizani ya watoto. Mshale ukasimama kwenye kilo kumi na nane.

"Mwezi uliopita nilikuwa na ishirini. Niandike mmoja, ndugu yangu. Wataona wawili hawapo, wawalete."

Leodgar alilipima jambo hilo. Makarani hawakusema uongo; naye mwenyewe amehakiki. Fomu iliuliza wangapi wapo kituoni. Haikuuliza uzito.

"Nimeona watatu, mama."

"Umeona vipande."

"Vipande havina safu kwenye fomu."

Taarifa ilisema mwambao wa kaskazini hauna upungufu wa wapimaji. Wakubwa wakaridhika, wakaamua zahanati ya kijiji cha nne ifunguliwe bila ajira mpya. Barua aliipeleka Leodgar mwenyewe.

Rusenyi, Veneranda alikuwa amejaza mawe mifukoni mwa koti. Mtungi wa maji, ambao zamani aliubeba peke yake, sasa alikuwa anabebewa na wagonjwa. Aliisoma barua, akaikunja, akarudisha jicho kwenye hadubini.

"Nenda ukahesabu," alisema. "Nimeshafika."

Zahanati ya kijiji cha nne ilikuwa haijaezekwa. Upepo wa ziwani uliingia kwa juu. Veneranda alikuwa ndani, amekumbatia nguzo kwa mikono miwili, miguu haigusi sakafu.

Leodgar akamwamkia, akatoa kalamu, akaandika mbele ya kijiji cha nne: mmoja.