Ufunguo wa Duka la Bi Wadha

Unapita pale kila asubuhi na unageuza uso. Usikatae. Umemwona Bi Wadha na jiko lake, anakaanga bajia kwenye kibaraza cha duka namba tisa, soko la baladiya, yaani la manispaa, mbele ya mlango uliotiwa kufuli jipya, nawe ghafla unatazama vitambaa vya duka la jirani kama mtu anayeoza binti.

Mpangaji wa miaka kumi na moja huyo. Mwaka ule wa mafuriko baladiya walikivunja kibaraza chake wakaahidi kukijenga baada ya Idi. Idi zikapita, akakijenga mwenyewe.

Mumewe alipofariki, aliingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, haonani na wanaume wa nje; nani hapa halijui hilo? Siku ya tatu ya msiba, Mutasim wa baladiya alikuja kutoa pole. Akasema pale sabla, barazani kwa wanaume, kwamba bomba la duka linavuja, wapewe ufunguo walitengeneze, na mama akitoka eda atalikuta duka lake salama. Bi Wadha kule ndani akaufungua ufunguo kwenye pindo la kanga. Moyo ulisita, alitaka kuomba karatasi. Lakini utamdai vipi maandishi mtu aliyekuja kukupa pole ya mumeo, na kikombe cha kahawa yako bado kimo mkononi mwake? Akaona haya. Akampa kaka yake Sleyum, naye akaukabidhi mbele ya wote waliokaa pale.

Eda ilipokwisha alikwenda moja kwa moja ofisini. Mutasim, ambaye bibi yake alizaliwa Unguja na kumwachia Kiswahili, akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akamsomea faili: duka limefungwa zaidi ya siku tisini bila sababu, mpangaji amerejesha ufunguo kwa hiari yake, mkataba khalas, umekwisha.

"Bila sababu?" akauliza Bi Wadha. "Ile pole ulikuja kumpa nani, mwanangu? Mimi au jirani?"

Mutasim akasema yeye mtumishi tu, linalosema ni faili.

"Basi faili lina ulimi kukushinda wewe. Niliurejesha ufunguo, au uliuomba?"

"Una shahidi, mama?"

"Sabla nzima."

"Walete."

Akapiga hodi nyumba kwa nyumba. Huyu anangoja kibali cha kujenga. Yule mwanawe ameomba kazi baladiya. Wa tatu akasema siku ile alikuwa amesinzia. Sleyum alikubali, lakini ofisi ikamkataa: kaka wa mlalamikaji si shahidi.

Ndipo Bi Wadha alipobeba jiko lake akaja kukaa. Mlinzi wa soko alipomwambia aondoke, alimjibu kibaraza hiki kakijenga yeye, na wakitaka kukivunja tena watakivunja naye yuko juu yake. Mlinzi akanunua bajia tano, akaenda zake.

Kamati ya baladiya inakaa kulisikiliza shauri lake Jumapili, saa mbili asubuhi. Asipopata mashahidi wawili, duka linapewa mtu mwingine. Na wewe ulikuwepo. Ulikula tende zake, ukauona ufunguo ukipita mbele ya magoti yako. Mpigie Sleyum sasa hivi, umpe jina lako kamili aliandike, na Jumapili usimame useme ulichokiona.