Kabati la Hartmut

Nguo za Hartmut zilikuwa zimelazwa kitandani, mikono ya makoti imekunjwa vifuani kana kwamba makoti yenyewe ndiyo yaliyofariki. Kabati lilikuwa wazi na tupu, likinukia mbao na sabuni ya zamani, na ndani yake alipiga magoti Rosenda, mama wa miaka sabini na ushei, akipigilia ukanda wa bati kwenye ukingo wa rafu ya chini. Binti yake Antje alisimama mlangoni, mkoba ungali begani.

"Mama, hilo ni kabati la Baba."

"Najua ni la nani. Hebu nishikie bati hapo, lisinikate."

Antje akashika. "Kwa ajili ya panya."

"Si panya. Wana mikia kama brashi ya mpaka rangi. Wewe umewahi kuona panya wa hivyo?"

"Sijawahi. Wala sijawahi kuona mjane anayelitoboa kabati la mumewe."

Rosenda alipigilia msumari mwingine. Alijua kabati lile kuliko mtu yeyote. Hartmut, seremala wa meli katika bandari ya Rostock, Ujerumani, alilitengeneza mwaka waliooana, wakati bibi harusi wake hakuwa na cha kuweka ndani ila gauni moja na koti zito alilogawiwa siku aliposhuka kwenye ndege akitoka Chile. Rosenda alicheka alipoliona, jitu zima la mbao likisubiri gauni moja. "Nguo zitakuja," Hartmut alimwambia kwa Kijerumani cha polepole, kama unavyomsemesha mtoto. Nguo zikaja kweli. Miaka ikaja pia, ikapangwa rafu kwa rafu, hadi majira ya baridi yaliyopita, mapafu ya Hartmut yalipochoka.

Hao wenye mikia ya brashi alikutana nao bila kuwatafuta. Alikuwa amemsindikiza jirani yake, Gudrun, kwenye kituo cha kulelea wanyama waliotelekezwa. Gudrun alitaka paka. Wakati Gudrun akibishana na paka mmoja mzee aliyemgeuzia mgongo, Rosenda alitangulia ukumbini, akafika mbele ya tundu la ndege lililowekwa juu ya meza, na miguu ikakataa kuendelea. Mle ndani wanyama wawili wa rangi ya udongo mkavu walikuwa wamepandana kwenye pembe, mmoja juu ya mgongo wa mwenzake, macho meusi, masikio membamba kama majani. Alikuwa hajawaona tangu usichana wake, kwenye kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba ya baba yake karibu na mji wa Cabildo, kabla ya wanajeshi kupindua serikali na kabla ya ndege iliyomleta uhamishoni. Akajikuta ameinama, akiwasalimu kwa Kihispania.

"Ni degu," alisema mhudumu wa kituo, dada mmoja mpole aitwaye Wiebke. "Ndugu wa kike wawili. Lotte na Frieda. Mwenye nao alikuwa akiwalisha biskuti na zabibu kavu. Na hiyo sakafu ya waya imewatoboa nyayo. Tumewapokea leo, ndiyo maana bado wamo humo."

"Hawa ni wa kwetu," Rosenda akasema.

Wiebke hakuelewa, lakini alimwona alivyolishika tundu kwa mikono miwili. Akamweleza kila kitu bila haraka. Wasitenganishwe, kwani mmoja peke yake hunyong'onyea hata akafa. Wasishikwe mkia hata kwa mzaha; ngozi huchopoka, na haioti tena. Wapewe makao marefu yenye ghorofa, vigae vya mawe vya kukanyaga, udongo mwingi wa kuchimba, matawi ya kutafuna, bakuli la mchanga laini wa kuogea, na gurudumu la kukimbilia lisilo na mianya ya kunasa miguu. Chakula chao ni nyasi kavu, nyasi kavu tena, na majani. "Kitamu hapana, Bibi. Miili yao haijui la kufanya na sukari. Huko walikotoka hakuna kitamu."

"Kipo," Rosenda alisema moyoni. Mdomoni alisema, "Sawa."

Basi kabati likasukumwa hadi sebuleni, likageuzwa nyumba. Milango wakaing'oa, wakaweka vioo chini na wavu wa chuma juu. Antje alinuna mwanzoni, kisha akaanza kutoa maoni, kisha akawa ndiye anayepima na kukata, ulimi nje pembeni mwa mdomo, sawasawa na baba yake alivyokuwa akifanya. Rosenda alimtazama, akainamisha uso asionekane. Matawi ya mhazeli yakapandishwa kutoka rafu hadi rafu kama ngazi, vyungu vya udongo vikafukiwa nusu. Wale wawili walipofunguliwa, walikaa chunguni siku nzima wakichungulia. Halafu Frieda akatoka, akapanda, akafika juu kabisa palipokuwa pakiwekwa kofia, akasimama kwa miguu ya nyuma akiitazama sebule kama mtu aliyenunua shamba.

Rosenda aliwabadilisha majina. Aliwaita Peumo na Boldo, kwa miti ya kilima cha kwao. Waliitwa kutwa nzima wasigeuke. Antje alipita akiwa na kikombe cha kahawa, akasema tu, "Lotte," na yule mwenye sikio lililochanika akanyanyua kichwa.

"Wamezaliwa hapa, Mama. Hata mama yao alizaliwa hapa."

"Damu haizaliwi mahali."

"Mimi je?" Antje akauliza, akanywa kahawa yake, hakungoja jibu.

Jumapili ndugu yake Rosenda alipiga simu kutoka Chile, kama kila Jumapili. Baldomero alibaki kwenye nyumba ya wazazi, naye amefiwa na mkewe, na chumba cha dada yake alikiweka tayari tangu udikteta ulipoanguka. Mwakani nitakuja, Rosenda alikuwa akimwambia. Kabla ya hapo jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliokatazwa kuingia. Kisha Antje alikuwa na shule. Kisha mapafu ya Hartmut. Sasa hakukuwa na kizuizi chochote, na jambo hilo lilimtia hofu ambayo hakumweleza mtu.

"Umefuga nini?" Baldomero aliuliza, kisha akacheka mpaka akakohoa, akamwita kwa jina la utotoni. "Chenda, mzee wetu atafufuka. Wale waliomaliza miche yake ya nyanya? Mzee aliyekuwa akitugawia peremende kwa kila mkia tuliokata tukamletea? Na wewe ulikuwa hodari kuliko mimi, usijitie kusahau."

"Nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa jambazi. Sasa jambazi amewajengea ghorofa." Akacheka tena, kisha sauti ikashuka. "Wanaishi miaka mingapi hao?"

"Wakitunzwa, sita. Hata minane."

"Aha. Umepata kisingizio kipya."

Rosenda akageuza mazungumzo. Akauliza kilima kikoje. "Kilima kipo, dada," Baldomero alisema, kama alivyosema kila Jumapili.

Kifurushi cha kila mwaka kutoka kwa Baldomero kilikuwa kimeshafika: mapichi yaliyokaushwa juani, yamekunjamana kama masikio ya wazee, matamu ya kukwaruza koo. Rosenda alikuwa akiyachemsha na ngano, akayala baridi peke yake, kwani Hartmut na Antje hawakuwahi kuyapenda. Sasa alikata kipande chembamba kama ukucha, akakipitisha kwenye wavu. Lotte alikuja mbio. Alikishika kwa mikono miwili, akafumba macho, akala, na Rosenda akavuta kibakuli chake, akala pia. Hatimaye alikuwa na mtu wa kula naye. Kesho yake akakata kingine. Ikawa desturi yao ya jioni, yeye na kibakuli chake, Lotte na kipande chake. Frieda alinusa tu, akarudi kwenye nyasi zake. Maneno ya Wiebke aliyakumbuka vizuri. Alijiambia kwamba Wiebke hajawahi kufika Chile.

Mapichi yalikuwa yamekaribia kwisha alipoona chupa ya maji inakauka mara mbili kwa siku. Lotte alikuwa akinywa bila kukoma, manyoya yamesimama, na siku moja alipomgeuza kuelekea dirishani, Rosenda aliona ukungu mweupe katika macho yale, kama maziwa yaliyodondokea wino.

Daktari wa wanyama alikuwa mwanamume mrefu, mnyamavu. Alipima, akatazama macho, akauliza, "Anakula nini?"

"Nyasi."

"Na nini?"

Rosenda alitazama viganja vyake. "Mapichi makavu. Kidogo tu. Ya nyumbani."

Daktari hakumgombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema huenda ugonjwa ulianzia kule kwenye biskuti, ila mapichi yameuharakisha. Kisukari hakitaondoka, wala macho hayatarudi. Lakini akishikilia chakula kikavu, na majani mabichi machache, anaweza kuishi, na kuishi vizuri. "Msaidie tu asipate anachokipenda."

Nyumbani, Lotte alijikwaa kwenye tawi alilokuwa akilipanda kila siku, akaanguka udongoni, akakaa palepale. Nyasi hakuzigusa. Rosenda hakungoja Jumapili, akapiga simu Chile.

"Baldo, nifanyie jambo. Toka hapo nyuma, nenda kwenye kuta za mawe wanakojificha ukawatazame wale wa kilimani. Tazama wanatafuna nini. Gome gani, jani gani. Huyu wangu amekataa kula, nataka nimtafutie kinachofanana."

Alisikia kiti kikivutwa upande wa pili.

"Hakuna, Chenda."

"Hakuna nini?"

"Hakuna wa kutazama. Kilima ni maparachichi tupu, toka chini hadi kileleni. Walichimba visima huko juu, kijito kikakauka. Kuta za mawe zilisukumwa na katapila. Wale wanyama sijui walikwenda wapi. Sijawasikia tangu zamani."

"Zamani lini?"

"Antje wako alikuwa bado anasoma."

Rosenda aliketi ukingoni mwa kitanda. "Kila Jumapili unaniambia kilima kipo."

"Kipo. Hapo sikukudanganya."

"Baldo."

"Ulikuwa ukiuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa wake," Baldomero alisema polepole. "Ningekuambiaje? Wewe uko mbali, kilima unacho kichwani, kizima. Mimi ndiye nilikuwa nakiona kila asubuhi. Nikasema basi, kati yetu wawili, abaki mmoja nacho."

Rosenda alikata simu bila kuaga. Jumapili iliyofuata iliita, akaiacha iite. Na iliyofuata.

Hakulia. Alichokihisi kilikuwa kigeni zaidi ya kilio: ni kama kuingia chumbani kwako ukakuta mtu amehamisha ukuta. Kila alipowahi kuchoka katika nchi hii, alikuwa akifumba macho na kupanda kilima kile, akigusa mawe njiani. Sasa alifumba, akapanda, na mawe yalikuwepo bado, lakini alijua kuwa anayashikilia yeye peke yake.

Lotte, hata hivyo, alihitaji kula leo. Asubuhi Rosenda alivaa koti, akabisha mlangoni kwa Gudrun. Gudrun alifungua, yule paka mzee mbishi akiwa begani mwake.

"Wewe umekulia hapa," Rosenda alisema. "Nionyeshe majani ya hapa."

Walitoka pamoja, wakafuata njia ya nyuma ya majengo hadi ukingoni mwa malisho, upepo wa bahari ukiwachapa mashavuni. Gudrun alimwonyesha jani pana linaloota palipokanyagwa, na lile lenye meno na maua ya njano, na lile linalowasha likiwa bichi lakini huwa pole likikaushwa. Alimtajia jina la kila moja. Rosenda aliyarudia kwa sauti ndogo.

"Miaka yote hii hujui hata hili?" Gudrun aliuliza. "Liko mlangoni kwako."

"Nilikuwa napita tu."

"Kupita gani huko kwa miaka hamsini?" Gudrun akamtazama, akaona hakuwa akitania, akamshika mkono.

Lotte alilinusa lile jani lenye meno kwa muda mrefu. Rosenda alikuwa amejilaza kifudifudi sakafuni, shavu kwenye kigae, akinong'ona, "Lotte. Lotte, kula, mwanangu," kwa Kijerumani chake ambacho hakikuwahi kunyooka. Mnyama aliuma ukingo. Akasita. Akauma tena. Frieda aliteremka kutoka juu, akakaa kando ya ndugu yake, ubavu kwa ubavu, akauma upande wa pili wa jani lilelile.

Siku zikaenda. Kibaraza kikajaa majani yaliyotandazwa juu ya mashuka ya zamani, na nyumba ikanukia malisho. Lotte akawa kipofu kabisa, lakini akajifunza kabati upya, kwa sharubu na kwa kunusa alikopita mwenzake. Frieda alipofika juu alikuwa akiimba, mlio wa chini unaobubujika kama maji yakipita kwenye changarawe, asinyamaze mpaka Lotte amfikie. Antje naye alizoea kuja baada ya kazi, kukaa sakafuni na kusikiliza, na ni yeye aliyesema siku moja, bila kumtazama mama yake, kwamba kama Mama anataka kwenda kuwaona wa huko, wanyama yeye atawatunza.

"Nitafikiri," Rosenda alisema. Kwa mara ya kwanza hakusema mwakani.

Jumapili simu iliita, akaipokea.

"Nilidhani umekufa," Baldomero akasema.

"Bado."

Sebuleni Frieda alikuwa ameanza kumwita mwenzake.

"Hiyo ni nini?" Baldomero aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Chenda, hiyo ninayoisikia ni nini?"

"Ndio wao."

Baldomero akasema, kwa unyonge ambao Rosenda hakuwahi kuusikia kwake, "Isogeze karibu. Usikate."

Rosenda alifungulia spika, akaiegemeza simu kwenye kioo cha kabati. Alisimama kidogo, kisha akatoka kwenda kibarazani kuyageuza majani, akaurudisha mlango nyuma yake bila kuubana. Jua lilikuwa hafifu, lakini lilitosha. Aligeuza jani kwa jani, na kupitia upenyo wa mlango alimsikia ndugu yake, mzee mzima, akiwasemesha wale wawili taratibu kwa Kihispania, akiwauliza ni nani aliyekula nyanya za baba.