Sanda za Mwaka wa Kipindupindu

Kilwa Kivinje, bafta, ile pamba nyeupe ya sanda, haiguswi kabla ya siku yake. Jora likiletwa dukani hupandishwa rafu ya juu kabisa likiwa bado na karatasi zake, na huko hukaa mpaka mtu afe. Kulifungua mapema ni kama kumwita mtu kwa jina. Mnunuzi naye hapatani bei wala hakikagui kitambaa; hutaja urefu, hulipa, huondoka bila kuaga. Ndivyo Mwanahija alivyoikuta desturi katika duka la mumewe, Sadick, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba adabu hiyo siku moja ingemfungulia mwizi mlango.

Wazee walikuwa hawajasahau miaka ya vibali, nguo ilipokuwa ya mgao, maiti aliposubiri ndani mpaka ipatikane barua ya balozi wa nyumba kumi, na wengine wakazikwa kwa mashuka yao ya kulalia. Kwa hiyo biashara ilipofunguliwa na nguo zikamiminika, watu walishukuru. Majid, mwenye ghala la jumla kule Lindi, akawa analeta marobota ya bafta yenye chapa ya mnazi, chapa ya kiwanda kilichoaminika tangu zamani. Angalau sasa mtu angezikwa kama mtu.

Halafu kikaja kipindupindu. Mwanahija aliyashusha majora ya Majid moja baada ya jingine. Waosha maiti, wakiwa na dawa mikononi na hofu moyoni, walifunga na kuzika upesi upesi, hawakuwa na nafasi ya kushangaa kitambaa. Jora la mwisho Mwanahija alilishusha kwa ajili ya Sadick mwenyewe.

Mvua zilipokatika ndipo alipofika Edwin, afisa biashara mpya wa wilaya, kijana wa Kimakonde aliyetoka chuo juzi tu, mpole kiasi kwamba hata akisema shikamoo ungedhani anaomba radhi. Alieleza kwamba kiwanda cha mnazi kimelalamika: kuna mtu anagonga chapa yake kwenye nguo ya nailoni. Akatoa uzi aliouokota sokoni Lindi, akauwasha kwa kiberiti. Pamba, alisema, huungua ikawa majivu. Uzi ule ulijikunyata, ukawa punje nyeusi, ngumu.

"Hii haiozi, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Hata ardhini haiozi."

Edwin akaondoka, maneno yake yakabaki dukani. Tangu siku hiyo, kila adhuhuri mtaa unaponyamaza, Mwanahija alisikia mchakacho, kama nguo inayoburutwa juu ya mchanga. Pamba haina sauti ile. Akiinua macho anawakuta wamejipanga mbele ya kaunta, kimya, kwa heshima ileile ya wanunuzi wa sanda. Nyama zao zilikuwa zimekwisha na sura zimekwisha. Zilizobaki ni nguo tu, nyeupe pepepe kama zilivyotoka rafuni. Mmoja wao alisimama ameegemea upande wa kushoto, kama alivyokuwa akisimama Sadick.

Edwin aliporudi alikuwa amekonda. Majid ameshtakiwa kwa sheria ya alama za bidhaa, lakini ghala lake limefagiliwa, hakuna hata uzi. Bila kipande chenye chapa hakimu ataifuta kesi. Tetesi zilisema marobota yamepelekwa kuuzwa vijijini Milola. Kielelezo pekee alichokijua Edwin kilikuwa makaburini, na hilo hakuweza kulitamka lote. Aliishia njiani, akaangalia viatu vyake.

Mwanahija alikijua kingine. Mama mkwe wake, Bi Mwanaima, alikichukua kilichobaki cha jora la Sadick, pamoja na ncha yake yenye chapa, akakifanya sanda yake mwenyewe, kama wazee wengi wa pwani wanavyojiwekea. Alikichovya katika maji ya Zamzam aliyoletewa na jirani kutoka Hija, akakianika, akakikunja sandukuni na udi. Wageni waliokuja kumpa pole aliwaambia kwamba yeye na mwanawe watalala katika jora moja, na ndiyo faraja aliyobaki nayo. Kuiomba sanda ile ilikuwa ni kumwambia mwanawe amelala na nini.

Mara ngapi Mwanahija alifika mlangoni pake akaishia kuomba chumvi! Mwisho akamweleza Edwin habari za sanda ile, na kwamba hawezi kuiomba.

"Siwezi kukulazimisha, mama," Edwin akasema. "Ila watu wa Milola hawajafa bado."

Asubuhi ya pili Mwanahija alimkuta Bi Mwanaima anachambua mchele.

"Mama, ile nguo yako si pamba."

"Nani kakwambia?"

"Serikali. Nami nimeuona uzi wake ukiungua."

Ungo ukatulia. "Jora lilikuwa moja," akasema bibi.

"Moja, mama."

"Basi usiniongezee neno."

Akaumaliza mchele wote, punje kwa punje. Kisha akaingia ndani, akatoka amelikumbatia furushi lake. Edwin alipokuja na kutaka kumpokea, bibi alimwambia kwamba mzigo huo watu hawapokeani, atakwenda nao mwenyewe.

Kivinje nzima ilihamia mahakamani Masoko. Wakili wa Majid alisema nguo ile yaweza kuwa imetoka popote. Bi Mwanaima akaikunjua. Hakuna pale aliyewahi kuona sanda ikitandazwa bila maiti. Watu waliinuka wote kwa pamoja, kama jeneza linapita, na hakimu naye akajikuta amesimama. Udi ukajaa chumbani. Kwenye ncha, mnazi wa wino ulikuwa haujapauka. Mwanahija akaapa kwamba jora hilo lilitoka kwa Majid, na kwamba mumewe alizikwa nalo. Hakimu akauliza nani wengine walivishwa nguo hiyo, na Mwanahija akasema, watu wote wakisikia, kwamba ni kila aliyemuuzia mwaka ule.

Majid akatiwa hatiani. Marobota ya Milola yakaamriwa kukamatwa, na kielelezo kikaamriwa kichomwe. Edwin alikichoma nyuma ya mahakama. Hakikuwa majivu. Kilijikunja kama kitu chenye uchungu, kikadondosha matone meusi, na Bi Mwanaima akakaa mchangani akikitazama mpaka mwisho.

Mama mmoja aitwaye Kijakazi, muuza samaki aliyezika mtoto mwaka ule, akamsogelea Mwanahija.

"Na wangu?"

"Naye."

Kijakazi akatikisa kichwa polepole, akaenda kuketi ubavuni kwa Bi Mwanaima. Mahali pake akasimama mwingine, na nyuma ya huyo mwingine, kimya, kila mmoja na swali lake lilelile. Mwanahija akausikia ule mchakacho, mbali kidogo, nyuma ya mstari wao. Hakuutafuta kwa macho. Alimtazama usoni aliyefuata, akamjibu.