Dirisha la Jikoni kwa Mama

...hatua elfu arubaini za hesabu kati ya elfu sitini, bado kidogo, kompyuta inanguruma kama inataka kuruka mezani, na fundi Tsuma yuko uani na nyundo na tindo, anamaliza chai, anangoja nimwambie ukuta wa jiko auvunje wapi, na mama kamwambia, nimemsikia, atakavyosema mwanangu ndivyo, basi kichwa kimenivimba, mimi Jumwa nisiyejua hata kuwasha makumbi ya nazi leo naamua moshi wa nyumba hii upite wapi... daktari alisema mapafu yake hayataki moshi tena, nikamnunulia jiko la gesi, akalishukuru, akaliombea, sasa ni meza ya kuwekea chupa ya chai, maana mahamri ya gesi, anasema, hayanukii, na wateja wa Mtongwe wana pua kali... haya, kama yeye hauachi moshi, moshi utamwacha yeye, nikalipima jiko lote kwa futi, kuta, mlango, mafiga, hata karai, nikaikata hewa yake humu kwenye kompyuta viboksi milioni nane, kila kiboksi hakijui lolote ila jirani zake, hewa inaingia, inagongana humo ndani, inapokezwa kwa jirani, naye kwa jirani yake, kama umbea wa mtaani, na kutoka kwenye umbea huo mdogo mdogo unazuka msukosuko mzima, moshi unajikunja, unajikunjua, mzuri ajabu, Mungu anisamehe kuuita mzuri... na tazama, upepo unaingia mlangoni, unaubeba, unautoa moja kwa moja kwenye dirisha nililochora mkabala na mlango, juu ya mafiga, hausalii hata uzi... "Jumwa, fundi auliza," mama anaita kutoka jikoni, halafu anakohoa, naitika abee, naja, na siendi, kikohozi hakiishi, kinapita ukutani mpaka hapa nilipokaa... nilipokuwa mdogo nilikuwa nasimama nyuma yake hapo hapo, nimeshika leso yake, macho yake yanatiririka na mimi moshi haunifikii, nikiamini mama anaukinga usije kwangu, kwamba hiyo ndiyo kazi ya mama, na upepo wa mlangoni ukinipoza mgongo... mgongo... ngoja. Upepo ukimpiga mama mgongoni hauwezi kumpenya, utagawanyika, huku na huku, kisha utazunguka ukutane mbele yake, pale kifuani, uuvute moshi wa mafiga mpaka puani mwake, miaka yote hii, na mimi nimeweka karai, nimeweka mafiga matatu, nimeweka hata ufa wa mlango, mama sikumweka. Milioni nane, na hakuna hata kiboksi kimoja chenye mama yangu. Dirisha zuri kabisa kwa jiko lisilo na mtu, aibu inanipanda mpaka masikioni, mbele ya maprofesa nisingeona aibu hivi... liende ubavuni, labda, upepo umpite kwa upande, sijui, lazima nimsimamishe humo kwanza nihesabu upya, kutwa nzima, Tsuma itabidi arudi kesho, nifute, niandike, upana wa mama, urefu wa mama... sijui. Juzi nilipofika nilimkumbatia haraka haraka, mabegi mkononi, kichwa chake kikanijia kidevuni, zamani mimi ndiye niliyekuwa namfika kidevuni, na nikapita ndani sikuwaza lolote... "Mama, una urefu gani?" Mafuta yanalia kwenye karai. "Kwani wanipimia sanduku la kuzikwa tayari?" anasema, anacheka, kicheko kinageuka kikohozi, nami nacheka huku machozi yananitoka bila moshi wowote, nampenda mwanamke huyu, nampenda na nimemhesabia kuta zake zote nikamsahau yeye... bado nimekaa, Tsuma bado anangoja, chai yake itakuwa imekwisha, lakini nikisimama sitachukua futi, nitaingia humo humo kwenye moshi nimkumbatie kwa nguvu, kwa nyuma, mpaka mikono yangu ikutane mbele yake, na hapo itakapokutana ndipo nitakapoanzia hesabu.