Karatasi Iliyovuka Maji

Philbert alipokata roho, sikuanza kwa kulia. Nilifungua sanduku lake la bati, nikachomoa karatasi moja, nikaificha kifuani, ndipo nikapiga yowe. Anayetaka kunihukumu anihukumu. Mwaka ule wa tisini Kamachumu nzima ilijua kinachofuata mwanamume akifa: waliochimba kaburi hawajanawa mikono, ndugu wameshafungua sanduku.

Ilikuwa karatasi ya mauziano. Kibanja chetu, shamba la migomba na nyumba yake, hakikuwa cha ukoo. Philbert alikinunua kwa Mzee Rweyemamu kwa jasho lake, na kibanja cha kununua mtu humwachia amtakaye. Chini ya karatasi aliandika kwa mkono wake, mbele ya mashahidi, kwamba akifa, ni changu na binti yetu Getruda, ambaye alikuwa na miaka saba. Karatasi hiyo isingekuwepo, shemeji yangu Pastory angesema ni ardhi ya babu yao. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kukohoa. Nilijua Philbert amekufa kwa ugonjwa gani, na nilijua huenda Getruda akabaki peke yake mapema. Abaki bila baba, bila mama, na bila mgomba hata mmoja?

Hofu ya karatasi niliirithi kwa baba yangu, Nathanieli wa Ijuganyondo. Wakati wa vita, mabomu yalipoanza kuanguka Bukoba, alizika karatasi zake zote kwenye debe moja chini ya mgomba, tukakimbia. Tuliporudi alichimbua debe limejaa udongo. Mchwa walikuwa wamekula kila kitu, mpaka cheti cha ubatizo. Jirani akasogeza mpaka wa shamba hatua kumi, na baba hakuwa na cha kuonyesha. Tangu siku hiyo akawa kero. Hata Philbert alipokuja kuposa alihubiriwa: kila karatasi iwe na nakala mbili, zisikae nyumba moja, na moja ivuke maji kabisa. Philbert alicheka, lakini alitii. Nakala moja aliiweka kwenye kabati la usharika, kanisani. Nyingine alimpa rafiki yake Mayenga, Msukuma mnunuzi wa samaki, akaivusha hadi kisiwani Bumbire.

Sasa niambie: mimi, mtoto wa Nathanieli, niliiweka wapi ile karatasi yenyewe? Wakati wa matanga sakafu ilitandikwa majani, mjane huketi na kulala juu yake, na hakuna anayeshika ufagio mpaka siku ya nne baada ya maziko. Nikaona hakuna mahali salama kuliko chini ya makalio yangu. Nikaisukuma chini ya majani, nikaikalia. Pastory alipekua sanduku, akapekua godoro, akabaki kunitazama. Mimi nalia tu.

Philbert tulimzika Jumatatu. Jumatano asubuhi nilitoka kwenda kuoga nyuma ya nyumba, na niliporudi sakafu ilikuwa tupu. Uani moshi mzito ulikuwa unapanda.

"Majani yako wapi?" nilimuuliza shangazi Anatolia, dada wa baba yake Philbert, aliyekuwa ameshika ufagio.

"Tumeyachoma, waitu. Matanga yamekwisha."

"Yamekwisha vipi? Leo ni siku ya pili!"

"Hukusikia? Kijiji kilikaa kikao mwezi uliopita. Matanga siku mbili, basi. Wiki hii tuna misiba mitatu, mwanangu. Nani atalima? Nani atapika?"

Ningesikia wapi? Mwezi mzima uliopita nilikuwa nambadilishia Philbert mashuka. Nilikimbilia moto, nikakuta majivu. Nikakaa chini pale pale, nikalia, na safari hii hakuna aliyehitaji kujiuliza kama ni kweli.

Pastory alikuja akasimama mbele yangu. "Shemeji, kikao cha ukoo ni Jumanne. Kama una karatasi yoyote, uje nayo."

Alhamisi nilikwenda kanisani. Mhudumu alinifungulia kabati, tukapekua daftari moja moja. Bahasha ya Philbert ilikuwepo, jina lake juu, ndani hamna kitu. Nikauliza nani mwingine ana ufunguo. Mzee wa kanisa aliyekabidhiwa ufunguo mwaka ule alikuwa Pastory.

Ikabaki moja, ile ya Mayenga kisiwani. Ijumaa nilimwachia Anatolia mtoto, nikaaga kwamba nakwenda hospitali, nikapanda lori la ndizi hadi bandari ya Kemondo. Mjane wa siku nne yuko barabarani! Kila aliyenitazama nilihisi atapeleka habari kwa Pastory. Kwenye boti nilibanwa katikati ya magunia ya chumvi. Maji sikuyaogopa. Niliogopa kufika. Visiwani watu walikuwa wanakufa wengi kuliko hata kwetu, na Mayenga sikuwa nimemwona tangu Pasaka.

Nilipouliza nyumba yake, mwanamume aliyekuwa anashona nyavu hakuinua kichwa. "Mayenga tulimzika mwezi wa nne. Mkewe yuko kule, anaanika dagaa."

Limi, mkewe, nilimkumbuka mnene, mcheshi. Mwanamke aliyeinuka kwenye mawe alikuwa mifupa na macho. Tulitazamana, kila mmoja akamsoma mwenzake, na hakuna aliyeuliza chochote kuhusu afya.

"Philbert?" akasema.

"Jumapili."

Akafuta mikono kwenye kanga, akaniongoza ndani. Nyumba ilikuwa tupu. Kaka zake Mayenga walikuwa wamekuja kutoka Sengerema, wamebeba nyavu, injini, redio, mpaka kitanda.

"Waliacha hili," alisema, akavuta debe la unga. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi wa nyavu. "Wao walikuwa wanatafuta pesa. Mume wangu aliniambia, hata tukifa njaa, unga wa chini usiuguse."

Nilifungua. Mwandiko wa Philbert ulikuwa pale, na jina la Getruda. Nilimkumbatia Limi, tukalia mpaka kikohozi kikatuzuia.

Jumatatu nilishuka mjini Bukoba, nikatoa fotokopi tatu. Moja nilimwachia baba Ijuganyondo, pamoja na ile iliyotoka kisiwani. Zilizobaki nikaja nazo.

Siku ya kikao Pastory alizungumza vizuri sana kuhusu babu yao. Nilipompa karatasi, aliisoma, akaichana vipande vinne mbele ya watu wote. "Uongo wa mwanamke."

Nikatoa ya pili. Hiyo sikumpa Pastory. Nilipiga magoti nikamkabidhi Mzee Mutembei, mkubwa wa ukoo, kwa mikono miwili.

"Na nyingine iko Ijuganyondo," nikasema.

Mzee aliisogeza karibu na macho, akafuatisha mistari kwa kidole. Kati ya majina ya mashahidi, la tatu lilikuwa lake. "Huu mkono ni wangu," alisema hatimaye. "Nilisaini mwenyewe. Pastory, kaa chini."

Kibanja ni cha Getruda. Lakini bado silali vizuri. Siku ile kisiwani, boti ikiwa inanguruma, Limi alinikimbilia ufukweni na mfuko mwingine uliofungwa kwa uzi ule ule. Ndani mlikuwa na kadi za kliniki za watoto wake wawili, karatasi ya kiwanja cha Sengerema, na picha moja ya arusi.

"Hizi nazo zivuke maji, dada," alisema. "Mtu akija kuziuliza, hakikisha kwanza ni mwanangu, ndipo umpe."

Ziko kwenye debe langu la unga, chini kabisa. Kila mgeni akipiga hodi kwa Kiswahili cha visiwani, nashika ukuta kabla sijamkaribisha. Namwomba Mungu asije mtu kuziuliza, maana akija, Limi ameshakufa.