Unyoya Chini ya Figa

Wewe unayefuga kuku, hebu niambie: ukiletewa kuku mgeni, unamfanyaje ili asirudi alikotoka?

Huko Kimilili alikozaliwa Nasimiyu, jambo hilo halikuulizwa. Mama yake alimbeba kuku mgeni, akamzungusha mafiga mara tatu, akamwosha miguu kwa maji ya vuguvugu, na yale maji akayamwaga kizingitini. Halafu aling'oa unyoya mmoja mdogo chini ya bawa, akaubana chini ya figa. Kuku huyo hata umpeleke sokoni na kurudi, kwake ni pale.

Sasa mwaka wa hamsini na nne, Nasimiyu aliletewa ndege ambaye si kuku. Alikuwa kwenye shamba moja la mzungu huko Ndabibi, ng'ambo ya ziwa la Naivasha. Mumewe, Wamalwa, mkamuaji wa ng'ombe, alikuwa amefariki kwa kichomi mwezi wa tatu, akazikwa pembeni mwa shamba kwenye vichaka vya leleshwa. Nasimiyu hakulia sana. Watu walimtazama, wakangoja alie, wakachoka kungoja. Alifua shati la marehemu, akalianika, likakauka, akalikunja. Alikula alipopewa chakula. Ugali ulikuwa kama karatasi mdomoni, lakini aliumeza.

Wiki ya pili baada ya mazishi, mwenye shamba alimwita verandani. Wafanyakazi walimwita Memsabu Kofia, kwa sababu hawakuwahi kumwona kichwa wazi.

"Nyumba ile ni ya mtu ya kazi," alisema. "Bwana yako iko kufa. Lakini mimi napata ndege, tausi. Wewe fundisha yeye kukaa hapa, kutembea hapa majanini, hapana potea. Kama yeye nakaa, wewe nakaa. Kama yeye napotea, wewe naenda kwenu. Na wewe peke yako. Toto hapana."

Nasimiyu akasema, "Ndiyo, memsabu." Lakini alikuwa na mtoto, Nekoye, wa miaka sita, aliyekuwa kwa bibi yake Kimilili. Wamalwa alikuwa ameahidi kumwombea ruhusa aletwe, mahindi yakishavunwa. Wamalwa hakufika kwenye mavuno.

Tausi aliletwa Jumatatu kwa lori, ndani ya gunia lenye tundu la kichwa. Mzungu jirani aliyekuwa akihama alimtoa bure, kwa kuwa jike wake aliliwa na mbweha, naye akawa anapiga kelele kutwa nzima. Banda lake lilikuwa bado miti tu. Waya ulikuwa haujafika kutoka Naivasha. Basi Nasimiyu akaambiwa akae naye nyumbani kwake mpaka Ijumaa.

Alimfunga mguu kwa kipande cha kanga, akamfunga kwenye mguu wa kitanda. Akamtazama. Shingo ilikuwa rangi ya wino wa shule ukiwa bado mbichi. Kichwani alikuwa na vijiti vidogo vilivyosimama kama pini kwenye kitambaa cha fundi. Miguu lakini ilikuwa mibaya, mikavu, yenye magamba, ya kizee kabisa. Mkia ulifika mpaka mlangoni, na majivu yaliushika ncha.

Jioni ile mikono yake ilifanya kazi yenyewe. Alichemsha maji kidogo. Akambeba yule ndege, mzito kama mtoto wa mwaka, akamzungusha mafiga mara tatu, akamwosha miguu, akamwaga maji kizingitini. Aling'oa unyoya, akaubana chini ya figa la upande wa kulia. Hakuwaza lolote. Alipomaliza alikaa chini akachambua mboga.

Waya ulifika, na tausi akakaa bandani wiki sita, kama memsabu alivyosoma katika kitabu chake. Banda lilitazama veranda, ili ndege azoee. Kila siku saa kumi alasiri Nasimiyu alipeleka mahindi yaliyopondwa, majani ya kabichi, na mchwa siku mvua iliponyesha. Alibadilisha maji. Alifagia. Siku zilipita zikifanana kama sahani za bati.

Kitu kimoja tu kilimgusa. Tausi akilia, sauti yake ilikuwa ya mtoto anayemwita mama yake akiwa ng'ambo ya mto. Hapo kitu kidogo kilijigeuza kifuani mwa Nasimiyu, kisha kikalala tena.

Siku ya kumfungulia, memsabu aliketi verandani na chai yake. Micah mpishi alisimama mlangoni na taulo begani. Nasimiyu alifungua banda, akamwaga mahindi kwenye majani mafupi kama alivyoagizwa.

Tausi alitoka polepole. Alidonoa mara mbili. Kisha akainua shingo, akaipita veranda, akampita memsabu, akavuka njia ya matrekta, akashika njia ya nyumba za wafanyakazi akiburuta mkia vumbini. Alipofika aliruka, akatua juu ya paa la nyasi la Nasimiyu. Akakaa.

"Huyo amekataa uzungu," Micah akasema kwa sauti ya chini. "Mama Nekoye, umemlisha nini?"

"Mahindi."

"Mahindi hata mimi nimekula, na bado niko hapa."

Walimrudisha. Kesho yake akafunguliwa, akaenda paani. Siku ya tatu, vilevile. Hapo ndipo Nasimiyu alipokumbuka unyoya, akatambua kosa lake: alikuwa amemfunga ndege wa memsabu kwenye jiko lake mwenyewe. Aliingia ndani akalishika lile figa. Lilikuwa na moto. Angeweza kungoja lipoe, autoe unyoya. Alingoja likapoa, na hakuutoa. Hakujua kwa nini.

Siku ya nne memsabu alikuja mwenyewe mpaka nyumba za wafanyakazi, Micah nyuma yake. Alisimama, akainua kichwa na kofia yake kutazama paani.

"Kwa nini hii ndege hapana taka nyumba yangu?"

Nasimiyu akamweleza yote: maji, mafiga, unyoya. Hakuficha. Aliona kwamba kufukuzwa au kutofukuzwa ni sawa tu, kama mvua inyeshe au isinyeshe.

Memsabu alimtazama tausi, kisha Nasimiyu. Hakucheka. "Na kama wewe nahama, ndege nafuata?"

"Nikihama na figa langu, naona atafuata."

"Basi wewe kuja. Chumba nyuma ya jikoni iko wazi. Iko sementi, iko dirisha. Leta hiyo jiwe yako. Sawa?"

Chumba kile Nasimiyu alikijua. Alikuwa amekipiga deki mara nyingi, akiitwa kusaidia kazi za nyumbani. Kingetosha kitanda na mkeka.

"Sema asante, mama," Micah alimnong'oneza. "Mwenzako nimeomba chumba hicho miaka minne."

Juu paani tausi akalia, ile sauti yake ya ng'ambo ya mto. Safari hii kile kitu kifuani hakikulala.

"Memsabu, tausi atakuja," Nasimiyu alisema. "Lakini nina mtoto. Anaitwa Nekoye. Ana miaka sita, yuko Kimilili kwa mama yangu. Sitaki kuhamia chumba kile peke yangu. Nataka mtoto wangu aletwe akae na mimi."