Beringi ya Mkia

Helikopta sikusomea. Nilizijua kwa mikono, miaka ishirini na miwili katika karakana ya jeshi, huku wenye vyeti wakinituma spana. Jina walilonipa ni Mdomo. Nikalipokea, mdomo wangu sikugawiwa na stoo ya serikali.

Asubuhi hiyo Mama Stoo aliweka kisanduku juu ya benchi langu bila hata salamu. Ndani mlikuwa na beringi ya rafadha ya mkia, ile feni ndogo ya nyuma inayoizuia helikopta isijizungushe hewani kama pia. Karatasi zilisema ni mpya. Nikaizungusha kwa kidole, sikio karibu. Beringi mpya haina la kusema. Hii ilisaga kama meno yenye mchanga. Nikakwangua rangi kwa ukucha: chini kutu, na namba imepigwa msasa.

"Huyu marehemu amepakwa poda," nikasema.

"Mkuu wa Manunuzi anataka ndege iruke saa nne. Kuna wageni."

"Nani anarusha?"

Akatazama pembeni. "Shemeji yako."

Nilimwoa dada yake yeye akiwa bado anakunja ndege za karatasi.

Niacheni nikumbushe, maana waliopaswa kukumbuka wamepandishwa vyeo. Miaka tisa iliyopita beringi kama hii ilikatika juu ya bonde, nyuma ya kambi. Tukazika wawili. Helikopta ya mashambulizi ina viti viwili tu, na sheria ya karakana yetu ni moja: aliyesaini kuwa spea ni nzima hukaa kiti cha mbele siku spea hiyo inaporushwa mara ya kwanza. Nyuma alikuwa rubani. Mbele alikuwa fundi, rafiki yangu, aliyeziamini karatasi. Ripoti ikaandika: kosa la rubani. Maiti hakati rufaa.

Mkuu akaingia, tumbo limetangulia.

"Mdomo, funga hiyo spea."

"Haifai, mkuu."

"Una cheti gani wewe?"

Mafundi wakacheka kidogo, kwa mazoea.

"Sina. Basi asaini mwenye cheti."

Nikamsogezea kitabu cha ukaguzi. Akasaini kwa mbwembwe. Mtu wa ofisini, sheria yetu angeijulia wapi?

Mama Stoo akaja na kofia ngumu. "Jaribu hii, mkuu. Ikikubana utavumilia, ni dakika ishirini tu."

"Ya nini?"

Akaelezwa. Wakati huo shemeji alikuwa ameshafika, amevaa tayari.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Leo utambeba mkuu."

Akaiangalia beringi, akaniangalia mimi. Hakuhitaji tafsiri. "Karibu, mkuu. Maadamu wewe umesaini, mimi ni nani nikatae? Tutapanda juu kabisa."

"Mimi nina kikao."

"Kikao kitasubiri," akasema Mama Stoo.

Hakuna aliyecheka sasa. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Huyu alizoea kuchuma yeye, tukala sisi. Akashika kalamu afute jina lake, Mama Stoo akatandaza kiganja juu ya ukurasa.

"Hiki hakifutwi, mkuu. Huandikwa chini yake."

Akaandika, mafundi kumi na mmoja wakimtazama: Spea haifai. Irudishwe.

"Na jina la muuzaji," nikasema.

Akaliandika. Mama Stoo akafunua nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, hadi siku ya ile ajali. Jina la muuzaji lilikuwa lile lile.

Tukavifungua visanduku vyote vya muuzaji yule, arobaini na kimoja, mkuu mwenyewe akisaini kimoja kimoja. Kumi na tisa vibovu vikapigwa rangi nyekundu.

Saa nne wageni wakafika, wakaikuta helikopta imetulia chini. Jenerali wao akauliza mbona hairuki. Shemeji akapiga saluti, akakishika kitabu kwa mikono miwili, akaanza kusoma kwa sauti kuanzia ukurasa wa wale wawili tuliowazika, na jenerali akavua kofia.